Bawa la Kushoto

Bwenini, 4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Boksi limefika. Mlinzi wa getini alinitangaza kwa kipaza sauti, "Mwenye mzigo mrefu kama jeneza la kuku aje auchukue," na shule nzima ikageuka. Unanijua. Nilipita nyuma ya jiko nisionekane na wanafunzi, nikaonekana na wapishi.

Mabawa yote mawili ni mazima, hakuna hata pembe iliyomeguka. Nimeona umeyazungushia ile selotepu ya kahawia ya karakana yenu, yenye mishale na neno JUU. Imebana vizuri, haina lengelenge hata moja. Ndani ukibonyeza kidogo unasikia lile povu gumu likilalamika. Ni jepesi kweli, nililibeba kwa vidole viwili.

Klabuni kwetu, klabu ya ndege za rimoti, wameyaona na wamesema mengi. Mwalimu wa Fizikia, ambaye ndiye mlezi wa klabu, alilipima la kulia kwa kiolezo cha mbao akasema limekaa sawasawa. Hilo ndilo tulilolikata mimi na wewe likizoni. La kushoto hakuwahi kulipima, kengele ililia.

Samahani tena kwa la kushoto la kwanza. Najua kazi ile ni ya watu wawili, mmoja shinani mwa bawa na mwingine nchani, waya wa moto katikati, na kila mmoja lazima ataje namba ya alama anayopita ili mwenzake asibaki nyuma. Ulisema liliharibika kwa sababu sikutaja "nne" kwa sauti. Ni kweli, sauti yangu huwa inaishia kooni. Pole kwa kukurudisha kazini peke yako.

Ijumaa wakitupa uwanja tutarusha.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 12 Februari

Mdogo wangu Chiriku, mtoto mwenye maneno mengi kuliko ukuta,

Marahaba. Usiucheke mwandiko. Mama alitaka kuniandikia nikamkatalia, nikamwambia barua ya fundi huandikwa na fundi. Kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima, jua ni mimi, si mlevi.

Sikukata peke yangu. Nilimshikisha Mama upande wa nchani. Nilimweleza vizuri: "Mama, ukifika kwenye alama, taja namba." Akasema amesikia. Waya ukawaka, tukaanza, nikasikia mtu anaimba, "Mooo-jaaa, mbiii-liii," kama yuko kwaya. Nikamwambia ataje kwa ufupi. Akasema, "Mimi nikikimbizwa nachoma kitu." Basi tukakata kwa wimbo.

Sasa sikiliza, kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Bosi wa karakana ya mabango kila tukikutana ananiita kwa jina langu la kazi, "Herufi, ukipona njoo." Nani anapima mtu kupona? Homa ilikwisha zamani ikaniachia huu mtetemo. Daktari ananiambia nyoosha mikono, nanyoosha, anaitazama kama mtu anayesubiri chai ichemke, anasema, "Tutaona." Nimechoka na tutaona. Mimi nimekata herufi za povu za nusu ya maduka ya mji huu, leo Mama ananimiminia nusu kikombe.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo changu mwenyewe, nacho ni hilo bawa la kushoto. Herufi ikipinda, mteja anaweza asione. Hewa haidanganyiki. Likienda sawa huko juu, naenda kwa Bosi kumwambia nimepona. Lisipoenda sawa, nitaacha kupita ile barabara ya karakana.

Niambie lilivyoruka. Linavuta upande gani, na ulisawazisha kwa alama ngapi kwenye rimoti. Usinipambe. Wewe hujui kupamba hata hivyo.

Kaka yako

*

Bwenini, 20 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Limeruka!

Ilikuwa Ijumaa baada ya masomo, uwanja wa mpira, upepo kidogo tu wa kupeperusha karatasi. Mwalimu aliirusha ndege kwa mkono, mimi nikashika rimoti. Ikapanda taratibu kama inavutwa na uzi. Ilipofika juu ya magoli niliachia vijiti vyote viwili, Kaka, vyote, na ikaendelea yenyewe imelala sawa kama sinia mezani. Kitufe cha kusawazisha sikukigusa, si kulia si kushoto.

Kapteni wetu, yule wa darasa la juu mwenye boksi la vifaa vya dukani, alipiga mluzi. Nilizunguka uwanja mara kadhaa nikaishusha kwenye nyasi karibu na mstari wa kona, ikateleza ikasimama. Hakuna kilichovunjika.

Kwa hiyo mkono wako haujambo. Nakuandikia haraka kwa sababu nilijua unasubiri.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 21 Februari

Chiriku,

Barua yako bado haijafika na mimi naandika nyingine. Kuna jambo nimeshindwa kukaa nalo.

Kama hujarusha, usirushe kwanza. Bawa la kushoto si zima. Katikati yake, upande wa juu, kati ya alama ya nne na ya tano, mkono wangu ulikwama. Mama aliimba "taaa-nooo" akapita, mimi nikabaki. Ukiuachia waya wa moto mahali pamoja, povu linayeyuka, hilo unalijua. Likafanya shimo kama tumbo la kijiko. Nikaliziba kwa lipu nyepesi ya ukutani, nikapiga msasa, nikafunika kwa selotepu. Ndiyo maana mishale imekaa hovyo. Nilikuwa nafunika.

Nilijua, na bado nikakuandikia eti hicho ndicho kipimo changu. Nilikuwa natumaini hewa itanifichia.

Sijamaliza. Lile la kwanza, tulilokata mimi na wewe. Ulisema nne. Uliitaja kwa sauti yako ileile ya panya, lakini uliitaja na nilikusikia. Mkono ndio haukusikia. Nikaangalia lile bawa lililoungua, nikakuangalia wewe, nikaona ni rahisi zaidi kusema hukutaja. Nawe ukakubali palepale, ukaniomba radhi. Umekwenda shule umebeba kosa langu begani, na juzi umeniomba radhi tena kwa barua.

Aibu niliyo nayo haina pa kukaa. Jibu upesi.

Kaka yako

*

Nyumbani, 28 Februari

Mwanangu,

Huu ni mwandiko wa Mama. Kaka yako anasema, mimi naandika, maana leo mikono yake imefurahi kuliko mwenyewe, haikamati kalamu.

Anasema barua yako ya kuruka imefika. Anasema nikuandikie alivyoruka yeye hapa sebuleni, lakini hilo siliandiki, kavunja kigoda.

Anasema haelewi. Lile shimo aliliziba mwenyewe, analijua, sasa imekuwaje usiguse hata kitufe? Nikamwambia lipu ni lipu, nyumba hii yote imesimama kwa lipu. Anasema Mama hajui habari za hewa. Anasema labda kidole kinaiona kasoro kubwa kuliko hewa inavyoiona. Anasema nilipigie mstari hilo. Nimepiga.

Anasema jana amekwenda karakana na barua yako mfukoni, akamsomea Bosi mbele ya mafundi wote. Alipofika pale pa sinia mezani, wakapiga makofi. Bosi akamwambia, "Basi Jumatatu njoo, kuna bango la saluni linasubiri mkono wako."

Anasema basi, nimalize.

Sasa ni mimi mwenyewe, ameingia kutafuta shati la kazi. Mwanangu, leo asubuhi alinywa chai kwenye kikombe kilichojaa. Ilimwagika, lakini alicheka. Sijamsikia akicheka tangu ile homa. Na mimi nilikuwa nakusema kila siku kwamba huna mdomo. Kumbe ukiufungua unafufua watu. Mungu akubariki.

Mama yenu

*

Bwenini, 1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 21 imenifika. Usijilaumu kwa ile nne. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama niliitaja, kwa hiyo si neno.

Nakuomba usiende kwa Bosi kwanza. Si kwamba kuna tatizo. Siku ile upepo ulikuwa mdogo sana, labda tungoje niirushe siku yenye upepo halafu ndiyo uamue. Ngoja hata mpaka likizo. Tafadhali.

Jambo jingine dogo. Klabu imetuma kifurushi nyumbani, sikujua, Mwalimu alichukua anwani ofisini. Kikifika msikifungue. Ni vitu vyangu vya kike tu, nilivisahau klabuni. Mniwekee chini ya kitanda changu.

Nina haraka, kengele ya prepu imelia.

Chiriku

*

Nyumbani, 6 Machi

Chiriku,

Kifurushi kilifika juzi. Barua yako ya kukataza kisifunguliwe imefika leo.

Alikifungua Mama. Kulikuwa na pipi, kalamu za rangi, na shati la klabu lenye ndege kifuani na mgongoni limeandikwa FUNDI MDOGO. Na kikaratasi cha Mwalimu wenu: "Kwa mdogo wake wa miaka sita, bawa lako limetufurahisha sana. Ukikua njoo klabuni kwetu."

Mama akalishika shati mbele ya dirisha, akaligeuza, akaniuliza, "Humu ndani nani ana miaka sita?"

Nililijaribu. Liligoma kwenye viwiko. Mama alicheka kwanza, halafu akanitazama, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kuhusu kutokwenda kwa Bosi, umechelewa pia. Nilikwenda Jumatatu. Bango la saluni linaanza na S, na S ni matumbo mawili yanayotazamana. S ya kwanza ilitoka kama nyoka aliyekanyagwa. Ya pili niliichoma katikati. Ya tatu sikuimaliza. Mafundi wote wakakumbuka wana kazi upande wa pili wa karakana. Bosi akanishika bega, "Taratibu Herufi, si hata bawa limeruka?" Alisema kwa wema, na huo wema ndio ulionimaliza.

Sikuulizi kitu. Nilitaka tu ujue shati limefika.

Mdogo wako wa miaka sita

*

Bwenini, 13 Machi

Kaka,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuamkia. Shikamoo.

Nimeandika barua hii nikaichana mara nyingi mpaka jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama nina mchumba. Nitasema ilivyokuwa, bila kuipindisha.

Siku ile boksi lilipofunguliwa klabuni walicheka. Si wote, lakini walitosha. Kapteni alilishika bawa la kushoto, akafuata ile mishale kwa kidole, mmoja unakwenda huku, mwingine kule, mwingine chini, akasema, "Jamani, hii ndege haijui hata juu ni wapi." Halafu mmoja akauliza, nani kakata hili. Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema: kaka yangu, ni fundi wa herufi, anaumwa mikono. Ni maneno machache. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona watakuuliza zaidi, anaumwa nini, inatetemekaje, na yule anayeigaga watu angeanza kuiga. Nikasema: mdogo wangu, ana miaka sita.

Tulikuwa tunaongea Kiingereza, lugha ya darasani, kama inavyotakiwa. Uwongo ulitoka mwepesi, kama jibu la mtihani nililokariri. Baadaye nilijaribu kuusema uwongo huohuo kwa Kiswahili, peke yangu bafuni, na sikufika mwisho wa sentensi.

Basi wakaacha kucheka. Msichana mmoja akasema, "Jamani, mtamu!" Wakaja kuligusa bawa kama wanamgusa mtoto. Wakaniuliza anaitwa nani, anasoma wapi, meno ya mbele yameshang'oka? Nikajibu yote, Kaka. Mimi nisiyeongea, nilijibu mpaka habari za meno. Na hiki ndicho kinachoniaibisha kuliko vyote: nilifurahi. Tangu nije shule hii sijawahi kuzungukwa na watu vile.

Bawa lako halijaruka. Liko nyuma ya kabati la mipira. Kapteni alitoa bawa lake la dukani tukalifunga kwenye ndege yangu, na ndilo nililorusha Ijumaa ile. Kila nilichokuandikia kuhusu kuruka ni kweli, sinia, mluzi, mstari wa kona, ila si lako. Nilikuandikia kwa sababu ulisema usipopata jibu zuri utaacha kupita ile barabara. Niliogopa. Lakini pia niliogopa kwamba nikisema halijaruka utauliza kwa nini, na nitafika kwenye ile miaka sita.

Na ulipokiri habari za ile nne, nilifurahi tena. Nikajiambia sasa tumelipana, sina haja ya kusema. Nimejijua vibaya mwezi huu.

Sikuwazia kamwe kwamba ungeisoma barua mbele ya mafundi. Nikifikiria ile S natamani kujificha ndani ya boksi la mabawa.

Chiriku

*

Nyumbani, 20 Machi

Chiriku,

Nimeisoma. Mama aliuliza imesema nini, nikamwambia mambo ya shule. Sasa na mimi nimemdanganya Mama, familia yetu inastawi.

Nilirudi kwa Bosi nikamwambia, mbele ya mafundi walewale waliopiga makofi, kwamba ile barua ilisifu bawa la mtu mwingine. Nilidhani watacheka. Mmoja tu alikohoa. Bosi akaenda stoo, akarudi na rula ndefu ya chuma. Waya nauegemeza kwenye rula, rula haitetemeki. Kwa hiyo nakata herufi zilizonyooka tu: I, L, T, E, F, H. Zenye matumbo anakata kijana aliyeajiriwa nilipokuwa nimelazwa. Jina la Herufi wamenivua, sasa naitwa Nusu Alfabeti. Naitika. Sikuelezi haya unionee huruma. Nakueleza kwa sababu mimi nikiulizwa habari zangu nasema zilivyo, nimeanza juzi, na inauma lakini haiui.

Nikuambie kilichoniuma na kisichoniuma. Mtetemo hauniumi, ni wangu, nalala nao na kuamka nao. Kwamba walicheka mishale, hata mimi ningecheka. Hata kunidanganya kuhusu kuruka, naona ulivyofika hapo, na mimi si wa kumnyooshea mtu kidole kwa mambo ya lipu. Lakini uliulizwa nani kakata, na ukaona ni afadhali niwe mtoto kuliko niwe mgonjwa. Hapo ndipo kila nikijaribu kupapita sipapiti.

Umeniambia mimi. Vizuri. Lakini huko kwenu bado nina miaka sita.

Usiandike ya kuniomba radhi. Ninazo za kutosha, na nusu yake hukupaswa kuzitoa.

Kaka yako

*

Bwenini, 3 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Si ya kuomba radhi hii.

Jana nilisimama klabuni. Mwalimu alikuwa anafunga kikao, ameshashika mlango. Nikanyoosha mkono. Akashangaa kwanza kuuona, akasema, "Ndiyo?" Nikamwomba niseme kwa Kiswahili. Akaruhusu.

Nilianza, na Kapteni akasema, "Sauti!" Nikaanza tena. Akasema tena, "Sauti!" Mara ya tatu nikasikia mtu anapiga kelele kumbe ni mimi. Nikasema: aliyekata bawa la kushoto hana miaka sita. Ni kaka yangu mkubwa, ni fundi wa kukata herufi za mabango, alipata homa ikamwachia mtetemo wa mikono. Mimi nilisema ni mtoto kwa sababu nilimwonea aibu. Sikusema kingine, sikuwa na kingine.

Halafu yule aliyesema "mtamu" akasema, "Kwa hiyo tumemtumia mtu mzima pipi?" Mmoja akacheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Msichana yule hajaongea nami tangu hapo, na mwenzake aliyelishona lile jina mgongoni mwa shati kwa mkono wake ananipita kama nguzo. Nilitarajia. Ile meza waliyokuwa wananiwekea nafasi wakati wa chakula, leo nafasi haikuwepo.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema, "Basi lileteni tulipime." Nikalitoa nyuma ya kabati. Alipitisha kiolezo, kikacheza palepale ulipotaja, kati ya nne na tano. Kapteni akauliza tulirushe au tulitupe. Nikasema tulirushe, na nilisema kwa sauti bila kuambiwa.

Sikupambi. Lilivuta kushoto sana tangu lilipoachia mkono wa Mwalimu. Nilisawazisha kulia, likaendelea kuvuta. Ilibidi nishikilie kijiti kulia muda wote, kidole kikafa ganzi. Halikwenda kama sinia, lilikwenda kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Nilizunguka uwanja mara moja tu, kwa kushoto, kwa sababu kulia lilikataa. Nikalitua vibaya, kwa pua. Selotepu ilichanika na lipu yako ikadondoka nzima, imekauka kama biskuti. Ufito wa kuliimarisha bawa kwa ndani haukuvunjika. Povu lililobaki ni zima.

Ndivyo lilivyoruka bawa lako.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Nyumbani, 10 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Nimemsomea Mama barua yako, yote. Nilipofika pale pa "sauti" akasema, "Mwambie na hapa nyumbani tuna masikio." Nimekuambia.

Sasa kazi. Umeandika lilivuta kushoto "sana". Sana ni nini? Sana ni kipimo cha wapi? Kitufe cha kusawazisha kila ukibonyeza kinalia ti. Ulikibonyeza kulia mara ngapi, na kilifika mwisho au kilibakiza? Ulishikilia kijiti robo, nusu, au chote? Na hilo shimo, lipu ikiwa imetoka, chukua sindano ya kushonea ulipime kina chake katikati, na upana wake, halafu uniandikie. Hiyo biskuti usiitupe, nitumie, ina umbo la kosa lenyewe.

Nimepata povu jipya, jirani kanunua friji akanipa la kwenye boksi lake. Nalikata la kushoto tena. Upande wangu nauwekea reli ya kuegemeza mkono, nimeshaichonga, lakini siwezi kujua niiweke wapi kama sijui mkono wangu unakosea kwa kiasi gani. Mama amekataa kushika nchani, anasema sauti yake imetumika vya kutosha. Nitakusubiri ufunge shule, utashika wewe.

Sijapoa, Chiriku. Nikipoa nitakuambia, usiwe unachungulia. Lakini sikati kwa kubahatisha.

Jibu barua hii. Na safari hii usianze na salamu, anza na namba.

Kaka yako mkubwa